Fundi Asiyegeuza Bati

Barua ya tatu haikusukumwa chini ya mlango kama mbili za kwanza. Mwenyekiti wa wapangaji aliileta kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amevaa koti katika joto la saa sita, na akaomba kiti, kwa kuwa mambo mazito hayasomwi kwa kusimama. Fundi bati alimpa kiti chenye miguu minne. Yeye akakalia chenye mitatu.

"Kwako Fundi," alisoma Mwenyekiti. "Yahusu: kugonga mabati saa za mapumziko."

"Mimi sijagonga saa hizo hata siku moja," alisema Fundi.

"Bado sijafika huko. Hiyo iko aya ya pili."

Aya ya pili ilikumbusha kwamba kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, katika nyumba ile ya vyumba kumi na viwili, hakuna ruhusa ya kugonga kitu, kwa sababu nesi wa chumba cha ghorofani hufanya kazi zamu ya usiku, na mchana ndio usiku wake. Aya ya tatu ilitaja malalamiko kumi na moja. Aya ya nne ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi: nyundo ikisikika tena saa hizo, kikao cha Jumamosi kitamwondoa Fundi katika chumba na banda lake la kazi, na mwisho wa mwezi usimkute pale. Chini kulikuwa na mhuri. Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Siku ya kustaafu aliiacha kazi, lakini kazi ilikataa kumwacha, na mhuri ule aliuchongesha mwenyewe.

"Na leo Jumatatu," alisema mke wa Fundi.

"Jumatatu, shemeji. Mnazo siku tano za kutafakari."

Mke wa Fundi hakuhitaji siku tano. Alikuwa ameshatafakari vya kutosha. Ndoo, faneli, makopo ya kumwagilia bustani, mifereji ya paa, vyote vilitoka katika banda lile lililoegemea ukuta wa nyuma, na chakula chao kikatoka katika vitu hivyo. Tena kumpata mwenye nyumba anayempokea fundi bati ni sawa na kutafuta mchumba ukiwa na kikohozi: kila mtu anakusikitikia, hakuna anayekukaribisha.

Pembeni, juu ya mkeka, mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mumeo," alimwambia binti yake, "mtu habishani na koti."

"Mwambie mama yako nimesikia," alisema Fundi, aliyekuwa hatua mbili kutoka mkeka ulipo.

Wawili hawa hawakuwa wamesemezana kwa mwaka mzima, na sababu ilikuwa birika. Fundi alililehemu birika la mama mkwe kwa moyo safi, nalo likavuja kwa moyo huohuo safi juu ya sanduku la nguo zake. Mama mkwe akasema maneno kuhusu mikono ya Fundi. Fundi akasema maneno kuhusu umri wa birika, yakasikika kama yanahusu umri wa mwenye birika. Tangu siku hiyo kila neno lilipitia kwa yule binti katikati, kama barua inavyopitia posta, ila posta hupumzika Jumapili.

Fundi aliinuka, akaenda bandani, akarudi na nyundo zake tatu: kubwa, ya kati, na ndogo ya kukunjia pindo.

"Mwenyekiti, chukua hizi. Kila siku saa saba ukae nazo, saa kumi unipe. Nyundo zikiwa kwako, nitagonga na nini?"

Uso wa Mwenyekiti ulichanua. Jambo lile lingehitaji daftari.

Basi Jumanne, saa saba kasorobo, Fundi alibeba nyundo zake kifuani akakatiza ua, akawapita watu waliopanga foleni bombani, akampita Kinyozi aliyekuwa amemweka mteja kitini na kukiacha kichwa nusu ili amtazame Fundi vizuri.

"Fundi, unawapeleka watoto shule?"

"Naam."

"Huyo mdogo ameshajua kusoma?"

Foleni nzima ilicheka. Kwenye foleni hiyo ndoo saba zilikuwa kazi ya Fundi. Alizijua kila moja kwa pindo lake, na zote zilionekana kumcheka pia. Alifika kwa Mwenyekiti, akatia sahihi mara tatu, moja kwa kila nyundo, akasikia kabati likifungwa kwa ufunguo. Akarudi mikono mitupu. Mtu aliyezoea kubeba nyundo miaka ishirini na mbili akitembea bila nyundo hajui mikono aiweke wapi. Fundi aliiweka nyuma, kama mfungwa, kisha akagundua inavyoonekana, akaileta mbele.

Saa nane na dakika chache ilianza.

Tong. Tong. Tong. Tong.

Dirisha la juu lilifunguliwa. Nesi alitokeza kichwa kilichofungwa kitambaa, macho mekundu.

"Fundi, mimi ni mtu kama wewe. Jana usiku nimepokea watoto wachanga wanne. Wanne, Fundi. Hata wao walilia kidogo wakanyamaza. Wewe utanyamaza lini?"

"Nesi, dada yangu, tazama mikono yangu."

"Nikitazama mikono yako ndiyo nitalala?"

Dirisha likafungwa. Tong, tong, tong, ikaendelea.

Mwenyekiti alikimbilia kabati, na watu wakamfuata. Lilifunguliwa mbele ya mashahidi. Nyundo tatu zilikuwa zimelala pale, pengine ndizo pekee zilizolala mchana ule katika nyumba nzima. Mtu mwingine angeziona akasema, basi anayegonga si Fundi. Lakini karani wa miaka thelathini hafiki penye ukweli kwa njia ya mkato.

"Kwa hiyo," alisema Mwenyekiti, "kuna ya nne."

Wakapekua. Walipekua banda, wakapekua chini ya kitanda, wakageuza godoro la ndoa mbele ya majirani, na mke wa Fundi akasimama mlangoni akitazama ukuta. Ndani ya kifurushi cha mama mkwe walikuta jiwe la kuvunjia karanga. Liliandikwa daftarini, likapelekwa kabatini.

"Mwambie huyo mzee," alisema mama mkwe, "jiwe hilo ninalo tangu wewe hujazaliwa. Asithubutu kulipigia mhuri."

Jumatano sauti ilirudi, na jiwe lilikuwa kifungoni. Mwenyekiti akaandika, "Ya tano bado inatafutwa."

Siku hiyo ndipo Fundi alipoanza kusikiliza. Hadi wakati huo alikuwa akiisikia sauti ile kama mshtakiwa anavyosikia shtaka. Sasa aliisikia kama fundi, na neno la kwanza lililomjia lilikuwa la wivu: mkono gani huu? Pigo lilikuwa sawa na pigo. Halikukimbia, halikuchelewa, halikuteleza. Yeye mwenyewe, siku yake nzuri kabisa, akiwa ameshiba na hadaiwi kazi na mtu, asingeweza kugonga hivyo.

"Kuna fundi mwingine amehamia mtaani," alimwambia mkewe. "Tena ni bingwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Mkono wake."

Akatoka kumtafuta. Alipita mtaa wa nyuma, akakuta fundi viatu, naye nyundo yake ilikuwa ikigonga ngozi, sauti yake kavu kama kikohozi cha mbuzi. Alipita mtaa wa tatu, akakuta fundi baiskeli aliyekuwa amelala chini ya baiskeli. Alirudi jua likiwa limeanza kupoa, vumbi hadi magotini, na aibu moyoni, maana alikuwa ametembea mchana kutwa akimtafuta mtu anayemfukuzisha nyumba, na kumbe alitaka kumpa mkono wa pongezi.

Alhamisi hakwenda popote. Alikabidhi nyundo, akajibu salamu ya Kinyozi ("Watoto hawajambo?"), akarudi, akaketi kwenye kiti cha miguu mitatu, akafumba macho. Mkewe alikuwa akishona kifungo. Mama mkwe alikuwa na mchele wake.

Tong, tong, tong, tong.

Fundi akahesabu. Ishirini. Arobaini. Sitini. Kwenye tisini alifumbua macho.

"Huyu hageuzi bati," alisema.

"Nani?"

"Huyu anayegonga. Sikiliza, mke wangu. Bati ukiligonga mahali pamoja linalegea, sauti inashuka. Lazima uligeuze. Ukiligeuza unakutana na mshono, hapo sauti inakufa kidogo, halafu inafufuka. Ndoo, faneli, hata kifuniko cha chupa. Huyu amegonga mara tisini, sauti ni ileile. Hajageuza. Hajapumzika. Hajakohoa. Hajamtukana mtu. Hakuna fundi bati duniani anayegonga mara tisini bila kumtukana mtu."

"Sasa kama si fundi ni nini?"

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya ungo.

"Mwambie mumeo," alianza, kisha akanyamaza. Alimtazama binti yake, akamtazama Fundi, akautazama mchele, kama mtu anayepima kama mto una kina. Akavuka. "Mkwe, unamsema yule wa juu ya mti?"

Sindano ya mke wa Fundi ilibaki hewani. Hakuthubutu kupumua, asije akaiharibu posta ikiwa imepata likizo.

"Yupi, mama?" aliuliza Fundi, taratibu.

"Kitororo."

"Kitororo ndiye nani?"

"Ndege. Nyie watu wa mjini mnamjua kuku na kunguru, basi. Kitororo ni kadogo, ukikashika kiganja hakijai. Jua likiwaka na ndege wenye akili wakinyamaza, kenyewe ndiyo kanaanza kazi. Kwetu tulikuwa tukikasikia shambani kutwa. Kamehamia hapa nyuma ya ukuta, yapata mwezi sasa."

"Mama," alisema mke wa Fundi, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi aliokuwa ameushika, "umejua mwezi mzima?"

"Nilijuaje kama hamjui? Nilidhani mnagombezwa kwa kelele nyingine. Mumeo ana kelele nyingi." Akamgeukia Fundi. "Isitoshe, mimi na wewe tulikuwa hatusemezani."

Fundi aliinuka. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Mtu anayezama hamwulizi mwokoaji alikuwa wapi.

Walitoka wote watatu kupitia kichochoro. Nyuma ya ukuta palikuwa na mti wenye tawi moja lililokauka, na mama mkwe akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye ncha, bila kutafuta. Fundi alitazama muda mrefu kabla ya kukiona. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba chake kilichovimba kwa nyundo: mgongo mweusi, mistari myeupe usoni, rangi ya njano kiunoni kama kimekalia rangi mbichi. Mdomo hakikuufungua. Koo tu lilitutumka, lilitutumka, na kila lilipotutumka, tong.

"Ndicho hiki?" alinong'ona Fundi. "Chote ni hiki?"

"Ulitaka kiwe na aproni?"

Mwenyekiti alilipokea jambo hilo kwa heshima zote za ofisi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndege," alisema.

"Kitororo, Mwenyekiti. Njoo tu nyuma ya ukuta usikilize."

"Mimi si mtu wa kuchungulia miti, Fundi. Miaka thelathini mahakamani nimesikia watu wakiwasingizia wake zao, mashetani, na mbwa wa jirani. Ndege ni mara ya kwanza. Mlete shahidi wako kikaoni Jumamosi saa nane. Asipofika, kesi itasikilizwa bila yeye."

Hadi jioni habari ilikuwa imefika kila chumba. Kinyozi alicheka hadi akamkata mteja sharubu upande. "Leo ndege anagonga bati," alisema. "Kesho mtaambiwa paka ndiye anayelehemu birika." Mama mkwe alipita kuchota maji, akamtazama kichwani, ambako nywele zilikuwa zimehama zamani, akasema, "Kinyozi asiye na nywele asimcheke fundi asiye na nyundo." Foleni ikacheka, safari hii upande mwingine.

Ijumaa asubuhi, saa za halali, Fundi aliingia bandani. Ndege haitwi kwa barua. Lakini aliwaza hivi: fundi yeyote akisikia mtu anagonga karibu na banda lake lazima ajibu, ili ijulikane nani mwenye mtaa. Kama kitororo ni fundi, atajibu. Kilichotakiwa ni bati lenye sauti yake.

Akakata, akakunja, akatengeneza faneli ndogo. Akaigonga. Mama mkwe, aliyekuwa amehamishia mkeka mlangoni mwa banda, alitikisa kichwa.

"Hiyo ni kunguru."

Ya pili aliifanya nyembamba zaidi. "Hiyo ni sufuria." Ya tatu: "Karibu, lakini ana mafua." Ya nne Fundi aliitupa mwenyewe kabla hajaambiwa. Ya tano aliibana shingoni, akaigonga pindo, akaipunguza kidogo, akaigonga tena, na mama mkwe akaacha kuchambua.

"Rudia."

Akarudia.

"Usiiguse tena," alisema mama mkwe. "Hata kwa kitambaa."

Jumamosi saa nane, ua ulijaa. Hakuna burudani ya bure ambayo wapangaji huikosa. Meza ya Mwenyekiti iliwekwa katikati, juu yake daftari, mhuri, nyundo tatu na jiwe la karanga. Nesi hakuwepo, alikuwa amelala, na malalamiko yake yalikuwa kwa maandishi. Fundi aliketi mbele ya meza, viganja juu ya magoti. Mkewe alisimama nyuma yake amevaa nguo yake ya kutokea, kwa sababu akifukuzwa hakutaka afukuzwe akiwa amechakaa.

"Shahidi aitwe," alisema Mwenyekiti.

Watu wakautazama mti juu ya ukuta. Mti ukawatazama watu. Kimya.

"Labda yuko mapumziko," alisema Kinyozi. "Si ndiyo saa zake."

Dakika tano. Kumi. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimshuka Fundi mgongoni kama mdudu anayetafuta njia. Nusu saa ilipotimia watu walianza kuhama kivuli hadi kivuli, na Mwenyekiti akafungua daftari.

"Kikao kimeazimia kwamba mpangaji wa chumba namba tisa..."

"Mwenyekiti," alisema Fundi, "naomba nyundo ndogo."

Kalamu ilisimama. "Hizi ni saa za mapumziko, Fundi. Ukigonga sasa, mbele ya kikao, umejihukumu mwenyewe. Sitahitaji hata kumaliza sentensi."

Fundi alimtazama mkewe. Kama ndege hayupo, kama ameruka asubuhi ile kwenda mti mwingine, basi pigo la kwanza lingekuwa kweli kosa lake la kwanza, na la mwisho.

"Gonga," alisema mkewe.

"Gonga, mwanangu," alisema mama mkwe.

Fundi akaichukua nyundo ndogo mezani, akatoa faneli kifuani, akaishika shingo, akagonga. Tong. Tong. Tong. Aligonga mara kumi na mbili, mkono sawa, kama alivyomsikia yule bingwa akigonga. Kisha akaiweka nyundo mezani, mbele ya Mwenyekiti, akainua mikono yote miwili juu.

Hakuna kitu.

Mwenyekiti aliuchukua mhuri, akaupulizia pumzi ili wino uamke.

Tong.

Mhuri ukabaki hewani.

Tong. Tong. Tong. Tong. Tong.

Sauti ilitoka juu, safi, yenye hasira kidogo, kama ya fundi aliyeambiwa kwamba kuna mwingine mtaani. Fundi hakushusha mikono. Watu walimtazama yeye, wakaitazama nyundo mezani, wakaanza kuinua vichwa, mmoja mmoja. Hapo ndipo dirisha la juu lilipofunguliwa kwa kishindo.

"Fundi, hata Jumamosi?" alisema Nesi. "Hata Jumamosi huna..."

Akamwona. Akaona watu thelathini uani, na Fundi katikati yao, mikono juu kama aliyevamiwa, na sauti inaendelea.

"Nani anagonga?" aliuliza.

Vidole thelathini vilielekea kwenye mti. Kinyozi alielekeza kwa kitana.

Mwenyekiti alisimama. Alikuwa mtu wa sheria, na shahidi alikuwa akizungumza, kwa hiyo alifanya lile ambalo dhamiri ya karani ilimtuma: alihesabu. Midomo yake ilicheza kimya. Ua mzima ulisubiri. Kwenye mia moja na kumi na mbili aliketi, akavua koti, na ilikuwa mara ya kwanza wapangaji kuliona shati lake.

"Kweli," alisema. "Hageuzi."

Nesi alikuwa ameegemea dirisha, kidevu mkononi, akimtazama kitororo ambaye, kwa pale alipo, alikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha mabega yakatikisika.

"Kadogo hivi? Mwezi mzima mimi namlaani Fundi wa watu kwa ajili ya haka?"

"Nesi," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya mtu anayeokoa kilichobaki, "kikao kinaweza kuazimia mti ukatwe, upate kulala."

"Ukatwe wa nini? Mzee, mimi wodini nalala kwenye kiti, kengele zinalia, watu wanalia. Kelele haijawahi kuninyima usingizi. Nilikuwa silali kwa sababu nilidhani mtu ananifanyia makusudi." Akamtazama Fundi, ambaye mikono yake bado ilikuwa juu. "Shusha mikono, kaka. Nisamehe. Nimekusema vibaya mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi."

Akafunga dirisha. Kitororo aligonga hadi saa kumi kasorobo, na Nesi alilala hadi giza lilipokaribia, ikabidi mke wa Fundi apande kumwamsha asichelewe zamu.

Barua ya nne ililetwa Jumatatu. Mwenyekiti hakuvaa koti. Alipewa kiti cha miguu minne, na safari hii wapangaji walijaa mlangoni, Kinyozi mbele yao. Barua ilitangaza kwamba shtaka limefutwa, kwamba Fundi atabaki na chumba na banda kwa muda apendao, na kwamba kamati, kwa masikitiko, inamwomba radhi yeye na familia yake.

Fundi alifungua kinywa kushukuru, lakini mama mkwe alimwekea mkono begani. Mwanamke huyu aliyekuwa amemtambua ndege mwenye ukubwa wa kidole gumba, nyuma ya ukuta, akiwa anachambua mchele, alitega sikio kama kiziwi.

"Mwenyekiti, baba, uzee huu. Mwisho pale sikusikia vizuri. Inamwomba nini?"

"Radhi," alisema Mwenyekiti.

"Nani anamwomba?"

Mwenyekiti akarudi juu ya ukurasa, akaisoma upya barua yote, kwa sauti kubwa zaidi. Mlangoni watu walikuwa wameng'ata midomo. Alipomaliza, mama mkwe alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akamgeukia Fundi.

"Mwanangu, wewe umesikia?"

Fundi alifikiri kwa makini, kama mtu wa haki anavyopaswa.

"Kidogo tu, mama," alisema. "Asome tena."